Namna ya Kuanza Kukimbia na Kuzipenda Mbio: Mwongozo wa Wiki Kumi

Kila mwaka zinapokaribia mbio za Kilimanjaro, ambazo hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, maswali ya wanaotaka kuanza kukimbia hurudi yale yale: nikimbie umbali gani, ninunue viatu gani, mbona pumzi inakata kabla sijafika kona ya pili, na je, kuna mtu anayefurahia jambo hili kweli? Mwongozo huu unayajibu kwa pamoja. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye hajakimbia tangu alipomaliza shule, ana kazi na familia, na pengine anaishi Dar es Salaam, Mombasa, Tanga au mji mwingine wenye joto ambako saa mbili asubuhi jua limekwisha kuwa kali.

Wengi walioziacha mbio ndani ya mwezi wa kwanza hawakushindwa na umbali, bali walishindwa na kasi. Walitoka nyumbani kwa mwendo wa mtu anayewahi basi, wakaishiwa pumzi baada ya dakika mbili, wakahitimisha kwamba miili yao haikuumbwa kwa mbio. Chanzo kimojawapo ni namna tulivyofundishwa. Wengi wetu tulikutana na mbio kwenye mchakamchaka wa shule, alfajiri, kiranja akiwa nyuma na fimbo, au tulizungushwa uwanja kwa sababu tumechelewa namba, na mtu aliyefunzwa kwamba mbio ni adhabu hukimbia ili amalize haraka. Hatua zinazofuata zimepangwa ili uanze kwa kukimbia polepole kuliko unavyodhani inafaa.

Mahitaji kabla ya kuanza

*Afya.* Ikiwa una shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, pumu au selimundu, au umewahi kupata maumivu ya kifua au kuzimia ukiwa katika kazi nzito, muone daktari kwanza na umweleze wazi kwamba unakusudia kukimbia mara tatu kwa wiki. Mwenye selimundu asijaribu hata kidogo kabla ya kumwona daktari, kwa kuwa kuishiwa maji mwilini na kujichosha kupita kiasi kunaweza kumwamshia maumivu makali. Mjamzito ambaye hakuwa akikimbia kabla azungumze na mhudumu wake wa kliniki. Mara nyingi kutembea kwa haraka kutamtosha.

*Viatu.* Hiki ndicho kifaa pekee kinachostahili fedha yako. Unahitaji raba za kukimbilia, si raba za kutokea wala za mpira wa kikapu. Wengi wetu tutazipata kwenye mitumba, Karume kwa walio Dar es Salaam na Gikomba kwa walio Nairobi, na hilo halina ubaya mradi ujue kukagua. Weka kiatu mahali bapa ukitazame kwa nyuma: kisigino kikiwa kimeinamia upande mmoja, aliyekivaa kwanza alikwisha kukimaliza, kirudishe. Bonyeza kwa dole gumba sponji iliyo juu ya soli. Ikiwa ngumu na imejaa mikunjo midogo midogo ubavuni, imekufa, hata kama kiatu chenyewe kinang'aa, maana kukisugua na kukipaka rangi ni kazi ya nusu saa. Kikunje: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjika, si katikati. Kisha vuta kidogo ncha ya soli uone kama gundi inaachia, kwa sababu viatu vilivyokaa ghalani miaka mingi huweza kubanduka soli ndani ya wiki ya kwanza. Vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, ukiwa umevaa soksi utakazokimbilia, na uhakikishe kuna nafasi ya upana wa dole gumba kati ya kidole chako kirefu na ncha ya kiatu. Muuzaji atakwambia kitapanuka. Hakitapanuka.

Usianze kukimbia peku kwa sababu umesikia kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu. Nyayo zake zilikuwa zimezoea ardhi, zako zimezoea ofisi.

*Mavazi na vitu vidogo.* Fulana nyepesi na bukta au suruali nyepesi vinatosha. Pamba nzito hunywa jasho na kulemea. Mwanamke anahitaji sidiria ya michezo inayoshika barabara, na anayevaa hijabu achague kitambaa chepesi kinachokaa bila kuhitaji pini nyingi. Nunua kopo dogo la mafuta ya mgando kwa ajili ya mapaja, kwapa, na kwa wanaume chuchu, ambazo huchubuka kwa kusuguana na fulana iliyolowa. Simu au saa yoyote yenye kuhesabu dakika itafaa. Programu za kupima kasi na kulinganisha matokeo yako na ya wengine ziache kwanza hadi wiki kumi ziishe, kwa kuwa zitakushawishi kufanya lile lile ninalokukataza.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku tatu na saa moja. Siku hizo zisifuatane. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ni mpangilio unaowafaa wengi. Katika miji ya pwani kimbia kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Hapa shida ni unyevunyevu kuliko jua lenyewe: jasho lisipokauka halipozi mwili, na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kupeleka damu kwenye ngozi, hivyo mwendo uliokuwa mwepesi Julai utakuwa mzito Januari bila wewe kubadilika chochote. Ukiweza, anza kati ya Juni na Agosti, wakati upepo ni wa kusini na asubuhi zina ubaridi. Anayefunga Ramadhani asogeze mbio hadi baada ya tarawehe, au dakika 20 nyepesi kabla ya magharibi ili awe karibu na maji, na mwezi huo wote asiongeze muda wala kasi.

Tahadhari: usikimbie kila siku kwa sababu una hamu. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huchukua miezi, na majeraha mengi ya wanaoanza hutokea katika pengo hilo, pumzi inapokuwa tayari na miguu bado.

2. Tafuta njia kabla ya siku ya kwanza. Itembee kwa miguu. Barabara ya vumbi au kiwanja cha mpira cha mtaa ni bora kuliko lami kwa mguu mchanga. Ufukweni kimbia maji yakiwa yamekupwa, pale mchanga ulipokaza, na urudi kwa njia ile ile, kwa kuwa ufuko umeinama na kwenda upande mmoja tu huulemea mguu mmoja. Mchanga laini ule wa juu uache kabisa, kwani huvuta kano ya kisigino. Wakazi wa Dar es Salaam wana eneo la Coco Beach pamoja na Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika mwaka 2022, lenye njia ya waenda kwa miguu na upepo wa bahari pande zote.

Ukilazimika kutumia barabara kuu, kimbia ukitazamana na magari. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, hivyo wewe unakaa kulia; Rwanda, Burundi na Kongo ni kinyume chake. Kanuni hii haikuokoi na bodaboda, ambazo huja kutoka pande zote ikiwemo ile isiyoruhusiwa, kwa hiyo usizibe masikio yote mawili kwa muziki.

3. Tembea dakika 5 kwanza. Kwa haraka, mikono ikicheza. Huhitaji kujinyoosha kwa kushikilia vidole vya miguu huku misuli ikiwa bado baridi. Bembeza kila mguu mara kumi mbele na nyuma, inatosha.

4. Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 7. Hii ndiyo kazi yote ya wiki ya kwanza. Tembea mapema, kabla hujalazimika. Watu wengi huona aibu kutembea, wakaahirisha mpaka wameishiwa kabisa, ndipo husimama wakiwa wameshika magoti. Matembezi ya namna hiyo hayapumzishi, yanaokoa tu. Matembezi yaliyopangwa hukuwezesha kuanza kila dakika ya mbio ukiwa na pumzi yako, na hapo ndipo utaanza kugundua kwamba mbio zenyewe haziumizi.

5. Pima kasi kwa mdomo wako. Unapokimbia, sema sentensi nzima kwa sauti: jina lako, unakoishi na utakachokula ukirudi. Ukiweza kuimaliza kwa pumzi ya kawaida, kasi ni sahihi. Ukilazimika kuikata mara tatu ili kuhema, punguza. Mchakamchaka, pamoja na viboko vyake, ulikuwa na hekima moja: watu walikimbia wakiimba, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, na anayeitikia hawezi kukimbia kasi kuliko pumzi yake. Klabu za jogingi za Dar es Salaam zimeurithi utaratibu huo, nawe ukiwa peke yako unaweza kuutumia kwa kunong'ona kiitikio chochote unachokijua.

Mwendo utakaoupata utakuaibisha mwanzoni. Huenda mama aliyebeba ndoo akaenda sambamba nawe. Usiongeze. Atakayebahatika kufika Iten nchini Kenya, mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 2,400 ambako mabingwa wengi wa dunia wamefanyia mazoezi, atashangaa kuona wanariadha wakianza mbio zao nyepesi za asubuhi kwa mwendo ambao mtu wa kawaida angeweza kuufuata kwa dakika kadhaa. Wao huijua siku ya kasi na siku ya upole, na hawazichanganyi. Wewe kwa wiki kumi hizi una siku za upole tu. Na ukisafiri kutoka pwani kwenda Nairobi, Mbeya au Arusha, punguza mwendo zaidi kwa wiki mbili tatu za kwanza, maana hewa ya juu ina oksijeni pungufu na utajihisi umerudi nyuma.

6. Uache mwili ukimbie. Tazama mbele mita kama ishirini, legeza mabega, usikunje ngumi. Piga hatua fupi, mguu ukitua chini ya mwili wako na si mbali mbele. Ukisikia nyayo zako zinapiga kelele, fupisha hatua. Zaidi ya hapo usijirekebishe. Mtu anayefikiria kiwiko, kidevu na kisigino kwa wakati mmoja huishia kukimbia kwa mkazo.

7. Maliza ukiwa bado unaweza. Raundi ya mwisho ikikukuta unatamani nyingine, acha hapo hapo. Hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua nani atakuwa bado anakimbia baada ya miezi sita, kwa kuwa kinachobaki kichwani baada ya zoezi ni dakika zake za mwisho. Ukizimaliza ukitweta na kichefuchefu, keshokutwa utatafuta sababu ya kubaki kitandani, na utaipata. Tembea dakika 5, kunywa maji kidogo kidogo, kisha pata kifungua kinywa chako cha kawaida, iwe uji na kiazi, chapati na maharage, au ndizi za kuchemsha. Kabla ya kukimbia asubuhi, ndizi moja mbivu au nusu kikombe cha chai inatosha, na kwa muda mfupi hivi unaweza hata kwenda bila kula. Jioni acha saa tatu zipite baada ya ugali au wali.

Chukua daftari uandike tarehe na neno moja la namna ulivyojisikia: nzito, nyepesi, usingizi, raha. Usiandike kilomita. Baada ya mwezi litazame, utaona ni saa ipi, njia ipi na mwenzi yupi aliyeleta siku zilizoandikwa "raha".

8. Ongeza kwa ratiba hii. Kila wiki ina siku tatu zinazofanana, na kila siku inaanza na kuisha kwa kutembea dakika 5.

- Wiki ya 1: kimbia dakika 1, tembea 2, mara 7.
- Wiki ya 2: kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8.
- Wiki ya 3: kimbia dakika 2, tembea 2, mara 6.
- Wiki ya 4: kimbia dakika 3, tembea 2, mara 5.
- Wiki ya 5: rudia wiki ya 4 bila kubadili chochote.
- Wiki ya 6: kimbia dakika 5, tembea 2, mara 4.
- Wiki ya 7: kimbia dakika 8, tembea 2, mara 3.
- Wiki ya 8: kimbia dakika 12, tembea 2, mara 2.
- Wiki ya 9: kimbia dakika 15, tembea 1, mara 2.
- Wiki ya 10: kimbia dakika 25 mfululizo, siku ya mwisho, ukipenda, 30.

Wiki ya tano imewekwa makusudi. Ndiyo wiki ambayo miguu huanza kulalamika kwa wengi huku kichwa kikiwa kimejaa ujasiri, na kuirudia ratiba ile ile huipa mifupa nafasi. Wiki yoyote iliyokuwa ngumu irudie. Ratiba ya wiki kumi ikichukua kumi na nne hakuna aliyepoteza. Tahadhari kubwa ni kuruka, yaani kujisikia vizuri wiki ya tatu ukaenda moja kwa moja kwenye ya saba.

9. Tafuta raha yako na uifuate. Kuanzia wiki ya tatu, pumzi ikiwa imetulia kidogo, jaribu namna mbalimbali. Wapo wanaopenda njia ile ile kila siku ili wasifikiri. Wapo wanaochoka nayo upesi, nao wafanye mbio ziwe na mahali pa kufika: kwenda kununua maziwa, kumjulia hali shangazi mtaa wa tatu, kutazama boti za wavuvi zikirudi. Mwingine hapati ladha yoyote mpaka awe na mtu wa kuzungumza naye, na mazungumzo hayo ndiyo yanayomlinda dhidi ya kasi.

Kwa huyu wa mwisho, klabu za jogingi ni neema. Katika mitaa mingi ya Temeke, Kinondoni na Ilala utazikuta Jumamosi au Jumapili alfajiri, fulana za sare, wimbo mbele, na baada ya mbio watu huketi kwa supu na soga, na anayefiwa au kuuguliwa huchangiwa. Wengi humo wanafuata watu kuliko mbio, nami sioni kosa. Ila nenda ukiwa umefika angalau wiki ya sita, mtafute kiongozi kabla ya kuanza na umwambie, "Kaka, mimi ni mgeni, nitakaa nyuma na nitatembea pale ninapochoka." Karibu kila klabu ina kundi la nyuma, na mara nyingi ndilo lenye maneno matamu zaidi. Ukienda bila kusema, wimbo utakubeba kilomita tatu kwa kasi isiyo yako na Jumatatu hutaweza kushuka ngazi.

Mwanamke anayekimbia peke yake ana mzigo mwingine ambao wanaume hawaufikirii, nao ni maneno ya vijiweni. Njia iliyowasaidia wengi ni kuwahi kusalimia. "Shikamooni wazee," au "Habari za asubuhi kaka zangu," ikitolewa mapema kwa sauti thabiti, huwalazimu kuitikia, na walioitikia salamu huona soni kuendelea na mzaha. Isipofaa, badili njia bila kujilaumu, tafuta mwenzi, na daima mwachie mtu wa nyumbani taarifa ya njia unayopita na saa ya kurudi.

Matatizo ya kawaida na utatuzi wake

*Kichomi ubavuni.* Rudi kwenye kutembea, toa pumzi ndefu kupitia mdomo, bonyeza pale panapouma kwa vidole huku ukiinama kidogo. Huisha ndani ya dakika chache. Kikirudi kila siku, angalia ulichokula au kunywa saa mbili zilizotangulia. Maji mengi yaliyonywewa kwa mkupuo na sharubati tamu ni washukiwa wa kwanza.

*Pumzi inakata hata kwa dakika moja.* Kasi bado ni kubwa. Jaribu kukimbia kwa mwendo ule ule wa kutembea kwako kwa haraka, ukibadilisha tu mtindo wa hatua. Ikiwa hata hivyo unabanwa kifua, unakohoa au unasikia mluzi kifuani, nenda ukapimwe pumu. Uchovu usioeleweka kwa mwanamke mwenye hedhi nzito unaweza kuwa upungufu wa damu, na kipimo chake ni rahisi.

*Miundi inauma.* Maumivu yaliyosambaa kwenye mfupa wa mbele chini ya goti ni ishara ya kuongeza haraka au viatu vilivyokwisha. Pumzika siku nne au tano, hamia kwenye udongo, rudi wiki mbili nyuma kwenye ratiba. Maumivu yaliyo mahali pamoja, ambayo unaweza kuyafunika kwa ncha ya kidole na yanauma hata ukiwa umelala, yanahitaji daktari, kwa sababu yanaweza kuwa ufa wa mfupa.

*Goti linauma.* Fupisha hatua, epuka miteremko, na mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara kumi kwa seti tatu. Goti likivimba au likigoma kukunjika, acha mbio ukapimwe. Atatokea mtu wa kukukumbusha John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza akiwa amefungwa bandeji zaidi ya saa moja baada ya mshindi, akisema nchi yake ilimtuma kumaliza. Heshima yake haina mfano, lakini wewe hukutumwa na nchi siku ya Jumanne. Tembea urudi nyumbani.

*Malengelenge.* Soksi zilizolowa au kiatu kinachobana. Lengelenge dogo lisilouma liache, lifunike kwa plasta. Paka mafuta ya mgando mahali hapo kabla ya mbio zinazofuata, na ufunge kamba vizuri kisigino kisicheze.

*Nimekosa wiki mbili.* Kwa safari, msiba au mvua za masika, rudi wiki moja nyuma. Kwa malaria au homa nyingine yoyote, maliza dozi kwanza, subiri mpaka shughuli za kawaida zisikuchoshe, kisha rudi wiki mbili au tatu. Kukimbia ukiwa na homa ni hatari kwa moyo, na hakuna "kuitoa homa kwa jasho".

*Sipungui uzito.* Dakika 25 za mbio nyepesi hazitashinda soda mbili na maandazi manne. Uzito huamuliwa zaidi na sahani, nawe ukizigeuza mbio kuwa malipo ya chakula utakuwa umezirudisha kwenye adhabu. Yagawe mambo haya mawili.

*Wiki ya sita na bado sioni raha.* Fungua daftari lako. Ikiwa siku zote zimeandikwa "nzito", rudi wiki mbili na ukimbie polepole zaidi. Ikiwa mwili ni mwepesi lakini umechoshwa, badili saa, njia au mwenzi, kimoja kwa wakati. Ukishajaribu vyote hivyo bila mafanikio, huenda unapenda baiskeli au kuogelea, na moyo wako hautajali tofauti.

*Kizunguzungu, kichefuchefu, au kuhisi baridi kwenye jua kali.* Hizi ni dalili za mwili kuzidiwa na joto. Simama mara moja, ingia kivulini, jimwagie maji kichwani na shingoni, kunywa kidogo kidogo, omba msaada. Mtu akianza kuchanganyikiwa katika maneno, mpeleke hospitali bila kusubiri. Maumivu ya kifua yanayoenda mkononi au kwenye taya yana jibu hilo hilo.

Baada ya wiki ya kumi

Dakika 30 kwa kasi ya maongezi ni kama kilomita 4, kwa hiyo mbio za kilomita 5 zinakudai dakika saba au nane tu zaidi, na wiki mbili za kuongeza dakika 3 au 4 kila wiki zitakufikisha. Mashindano mengi ya Afrika Mashariki yana kipengele cha kilomita 5 kwa ajili ya watu kama wewe, na yale ya Moshi ni mojawapo. Usijiandikishe kilomita 21 kwa kushawishiwa na wenzako ofisini. Kwa hizo unahitaji angalau miezi mitano au sita mingine.

Siku ya tukio jipange nyuma kabisa, maana waliosimama mbele wataondoka kasi na umati utakuvuta. Kimbia kilomita ya kwanza polepole kuliko mazoezini, tembea kwenye meza za maji ili unywe badala ya kujimwagia, na kama una nguvu iliyobaki itumie baada ya kilomita ya nne. Bandika namba yako ya kifuani kwa pini nne usiku uliotangulia, na viatu vipya ulivyonunua kwa ajili ya siku hiyo viache nyumbani.